Waya wa Mita Thelathini

Ilikuwepo nchi moja, na kwa habari tulizo nazo bado ipo, ambayo jina lake halitatajwa hapa kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kupisha mafunzo ya utoaji vibali. Ilikuwa nchi nzuri. Ilikuwa na milima, mito, Rais mmoja na Wizara ya Sakafu.

Wizara ya Sakafu iliundwa mwaka ule fagio zilipopigwa marufuku. Serikali ilieleza sababu kwa ufasaha: taifa linalojiandaa kwenda anga za juu haliwezi kuendelea kuinama na chelewa mkononi. Fagio zote zilikusanywa majumbani, zikapelekwa uwanja wa taifa na kuchomwa moto mbele ya mabalozi. Majivu yake yako palepale hadi leo, kwa kuwa hakuna cha kuyafagilia.

Hiyo ndiyo sababu iliyotangazwa. Ile nyingine kila mtu aliijua na hakuna aliyethubutu kuitaja. Watu wa nchi hiyo, tangu enzi za mababu, hawafagii mgeni anapotoka. Mgeni akishaaga, nyumba hukaa na makombo yake na mchanga wa viatu vyake mpaka kesho yake, maana ukifagia nyayo za mtu nyuma yake umemfukuza moja kwa moja. Harudi tena alikotoka, na kiti alichokuwa akikikalia atakikalia mwingine. Wakubwa wa nchi walikuwa wamesoma ng'ambo, wengine fizikia, na kwenye hotuba zao walizicheka imani hizo mpaka wakafuta machozi. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyekubali kutoka mahali ambapo mtu kashika ufagio. Na mkubwa kazi yake ni kuondoka: leo anatoka kikaoni, kesho anatoka semina, keshokutwa anatoka kuzindua kisima kisicho na maji. Nyuma ya migongo yote hiyo walikuwapo wananchi milioni kumi na fagio zao. Ukilifikiria jambo hilo kwa akili ya kiserikali, usingizi hauji.

Kwa hiyo kila kaya iliagizwa kuwa na kifyonza-vumbi kilichothibitishwa na Wizara kuwa kinaifaa kaya hiyo. Kaya ambayo ingefika mwisho wa mwaka wa pili bila mashine, mlango wake ungepakwa rangi nyekundu na wenyewe wangepelekwa kambi ya mafunzo ya usafi, ambako, kwa taarifa zilizopo, hapajawahi kufagiliwa.

*

Bi Nyamizi alikuwa na sababu yake ya kutaka kifyonza-vumbi, na sababu hiyo haikuwa vumbi.

Miaka tisa nyuma mumewe, Mihayo Lubango, alikuwa mfagizi wa uwanja wa soko. Siku moja Mkuu wa Wilaya alihutubia pale uwanjani kwa saa nne, akamaliza, akaondoka. Mihayo aliajiriwa kufagia uwanja saa kumi jioni, na saa kumi jioni akafagia uwanja. Wiki iliyofuata Mkuu wa Wilaya alikosa cheo cha Mkuu wa Mkoa ambacho tayari alikuwa ameshakishonea suti.

Alikuja mwenyewe, na askari sita. Jina lake Sifuni Magao, mtu mnene mwenye sauti laini. Mihayo alisomewa kosa la kufagia kwa nia mbaya, akafungwa mikono, akatembezwa kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye gari lililosimama nje ya uzio. Sifuni hakuondoka naye papo hapo. Aliuchukua ufagio ulioegemezwa ukutani akamkabidhi Nyamizi.

"Fagia, mama," alisema kwa upole. "Kuanzia hapo kizingitini mpaka kwenye gari. Pasionekane hata kisigino."

Askari mmoja alikuwa ameuelekeza mtutu kwenye kisogo cha Mihayo. Nyamizi akafagia. Alizifuta nyayo za mumewe moja moja, na Mihayo alimtazama kutoka juu ya gari mpaka alipofikia unyayo wa mwisho.

"Usilie, mke wangu," alisema. "Si wewe."

Baada ya miezi minane ilikuja barua yenye mihuri mitatu. Ilisema kwamba Ndugu Mihayo Lubango hatarudi, kwa sababu zake binafsi. Haikusema alizikwa wapi, na Nyamizi alipokwenda kuuliza aliambiwa kwamba barua haina kiambatisho.

Sifuni alipanda. Alipata mkoa, akapata unaibu waziri, kisha akawa Waziri wa Sakafu na kutia saini amri ya kupiga marufuku fagio, kwa kuwa katika serikali nzima ndiye aliyeijua vizuri kazi ya ufagio. Nyamizi alimchukia kwa utulivu. Aliamka na chuki hiyo, akapika nayo, akaenda nayo kanisani na kurudi nayo nyumbani ikiwa haijapungua hata kidogo. Majirani walidhani ameshasahau, kwa jinsi alivyokuwa mpole.

*

Ofisi ya Ulinganifu wa Mashine na Kaya ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya ngazi ambazo hazikuwa zimesafishwa tangu marufuku ilipotoka. Afisa wake alikuwa Bwana Yoramu, kijana mwenye tai na moyo mzuri, ambaye aliamini kila kilichoandikwa kwenye fomu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Natafuta mashine inayoifaa nyumba yangu."

"Hapo umefika." Yoramu alivuta fomu ya kurasa kumi na nne. "Mna mazulia mangapi?"

"Hatuna zulia."

"Nitaandika sifuri, lakini mashine ya kwanza kwenye orodha ni ya mazulia. Ngazi za ndani?"

"Nyumba ni vyumba viwili, baba. Sakafu ya saruji, kibaraza, na ua wa mchanga."

"Mbwa au paka wa kunyonyoka manyoya?"

"Kuna kuku."

Yoramu alitafuta mahali pa kuku, hakupaona, akawaandika kama wageni wa kudumu. Kisha akamuuliza kama kaya ilikuwa na swali lolote kuhusu mashine, kwa sababu ukurasa wa kumi na nne ulitaka hivyo, na tangu aajiriwe hakuna kaya iliyowahi kuwa nalo.

"Ninalo moja," alisema Nyamizi. "Waya wake una urefu gani?"

Yoramu alifurahi sana. Akamweleza, kama mtu anayemweleza mwenzake, kwamba Wizara iko kwenye mtihani mgumu: mwaka na nusu umepita na hakuna kaya hata moja nchini iliyopatana na mashine yake. Mheshimiwa Waziri ameahidi kwamba kaya ya kwanza kupatana ataitembelea yeye mwenyewe, ataketi ndani, atakula chakula, na runinga ya taifa itaonyesha moja kwa moja.

"Ataketi ndani," alisema Nyamizi.

"Kwenye kiti kabisa, mama."

Nyamizi alirudi nyumbani, akakiweka kiti cha wageni mahali pake, akahesabu hatua kutoka kwenye kiti mpaka nje ya uzio, pale gari lilipokuwa limesimama siku ile. Zilikuwa hatua thelathini na tatu. Akahesabu tena ili asije akapungukiwa.

*

Mashine ya kwanza ililetwa na lori, askari wawili na mpiga picha. Ilikuwa ya mazulia. Waya wake ulikuwa mita tano. Nyamizi aliirudisha kwa barua ya heshima, na Wizara ikamjibu ikimshauri anunue zulia ili kuokoa muda wa pande zote.

Mashine ya pili ilipowashwa haikufyonza, ilipuliza. Ilichukua vumbi la chumba kimoja ikalipeleka chumba cha pili, na kuku wawili hawakuonekana tena. Yoramu alikagua vitabu akagundua kwamba Wizara ilikuwa na mashine elfu sita za namna hiyo, zilizoagizwa na mjumbe wa bodi mwenye shemeji anayeuza vikaushio vya nywele. Zilikuwa zimeshasajiliwa kama mafanikio, kwa hiyo hazikuweza kurudishwa. Waya mita nne.

Ya tatu ilikuwa ndogo, ya kufyonzea ndani ya magari. Nyamizi alipoeleza kwamba hana gari, alipewa fomu ya watu wasio na magari, na kwenye fomu hiyo alitakiwa kutaja namba ya gari asilokuwa nalo. Alitaja namba ya gari lililomchukua Mihayo. Hakuna aliyeuliza.

Kila safari aliuliza swali lilelile, na kila safari Yoramu alipima waya kwa rula ya ofisini, mguu mmoja juu ya kiti, jasho likimtiririka. Watu waliokuwa kwenye foleni walianza kumcheka yule mama wa waya. Aliwaacha wacheke. Mtu aliyengoja miaka tisa hawezi kushindwa na foleni.

Mwezi wa tano wa safari hizo Yoramu alimpeleka stoo. Nyuma ya marobota ya mabango, chini ya picha tatu za marais waliostaafu kwa ghafla, kulikuwa na dude la chuma lenye ukubwa wa pipa, lililotoka katika hoteli moja ya mikutano iliyofilisika. Lilikuwa na magurudumu manne, bomba nene na waya uliozungushwa kwenye roda yake.

"Hili sikushauri ulichukue, mama," alisema Yoramu. "Ni zee. Linapiga kelele kama mashine ya kusaga mahindi, nyumba mbili tatu zitasikia."

"Nataka isikike."

"Na linavuta kwa nguvu mno. Lilimvua mtunza stoo kiatu."

"Waya, mwanangu."

Yoramu aliufungua waya. Ulitoka stoo, ukapita korido, ukashuka ngazi, ukamwacha mlinzi ameuruka mara mbili. Ulikuwa wa mita thelathini. Nyamizi aliliwekea dude lile mkono juu na kusema kwamba kaya yake imepatana. Yoramu machozi yalimlengalenga, kwa kuwa alikuwa kijana anayeipenda kazi yake.

"Kitu kimoja tu," aliongeza Nyamizi. "Mimi ni mjane, naogopa sheria. Nipeni karatasi kwamba nikitumia hili dude sitahesabiwa kuwa nafagia."

Karatasi ilitolewa na mwanasheria wa Wizara siku hiyohiyo, kwa sababu lilikuwa swali zuri la kizalendo. Ilisema: *Mashine hii si ufagio, haifanani na ufagio, wala mtumiaji wake hawezi, mahali popote na wakati wowote, kuhesabiwa kuwa anafagia.* Chini kabisa palikuwa na saini ya Waziri mwenyewe, na Nyamizi aliitambua kabla hajaisoma, maana ilikuwa ileile ya kwenye barua ya Mihayo.

*

Mtaa wa Bi Nyamizi ulikuwa na umeme siku za sikukuu za taifa na dakika chache za Jumanne. Kwa ajili ya ziara, Wizara ilileta jenereta kubwa na fundi wake, na fundi akapewa amri ya maandishi: jenereta lisizimwe kwa sababu yoyote mpaka Mheshimiwa awe ameshaondoka. Barabara ilimwagiwa kokoto usiku uliotangulia, na kuta zilizoangaliana na kamera zikapakwa rangi, nyingine zikapakwa pamoja na baiskeli zilizoegemezwa.

Mkuu wa itifaki alimletea Nyamizi ratiba. Ilikuwa na vipengele kumi na vinne. Cha kumi na tatu kilisema: *Mgeni rasmi kuondoka.* Cha kumi na nne kilisema: *Mama kuwasha mashine.*

"Samahani, baba," aliuliza Nyamizi. "Nawasha akishaondoka?"

"Mama, mgeni rasmi huwa haangalii kazi," alieleza mkuu wa itifaki kwa subira. "Huzindua, hula, huondoka. Kazi hufuata."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka tisa majirani kumwona Nyamizi anacheka.

Sifuni Magao alifika na magari kumi na tisa. Alikuwa amenenepa zaidi na sauti yake ilikuwa laini vilevile. Aliingia, akakaa kwenye kiti cha wageni, akala kuku wa kudumu wa mwisho, kisha akahutubia kutoka palepale kitini, mbele ya kamera.

"Ndugu wananchi, sakafu ndiyo msingi wa nyumba, nyumba ndiyo msingi wa taifa, kwa hiyo mimi, kwa unyenyekevu, ndimi niliye chini ya kila kitu. Wapo wanaosema tumewanyang'anya fagio zao kwa hofu. Hofu ya nini? Sisi ni watu wa sayansi. Leo mama huyu ni shahidi. Mama, unaishi na nani hapa?"

"Peke yangu, Mheshimiwa."

"Mumeo yuko wapi?"

"Alitoka. Hajarudi."

"Wanaume wa siku hizi," alisema Waziri akitikisa kichwa, na msafara wote ukacheka kwa mpangilio, kuanzia wa cheo cha juu.

Hakuikumbuka nyumba. Hakukumbuka uso wake, wala uzio, wala pale ukutani alipouchukulia ufagio. Nyamizi aliwahi kuogopa kwamba siku hiyo ikifika mkono wake utasita, kwamba ataona mtu tu, mzee mwenye mchuzi kidevuni, na kumhurumia. Sasa alimtazama na huruma haikuja. Alimmiminia maji ya kunawa mikono polepole, na alitamani yangekuwa ya moto.

Kipengele cha kumi na tatu kilifika. Waziri alisimama, akaaga, akatoka. Viatu vyake vilikuwa vimekanyaga kokoto mbichi, na kutoka kwenye kiti mpaka kizingitini viliacha alama nyeupe zilizopangika vizuri. Nyamizi alichomeka waya, akabonyeza.

Dude liliunguruma, na mtaa mzima ukasikia. Alianza na kiti. Akafyonza pale Waziri alipokalia, kisha unyayo wa kwanza, wa pili, wa tatu, kwa mpangilio, bila haraka, kama alivyofundishwa. Alipovuka kizingiti, Sifuni alikuwa katikati ya ua. Aligeuka kutazama kelele ni za nini. Aliona bomba, akaona sakafu nyuma ya bomba, na rangi ikamtoka usoni.

"Zima," alisema. "Zimeni hiyo."

Walinzi walimkimbilia Nyamizi. Aliitoa ile karatasi kifuani kwa mkono mmoja na kuendelea kufyonza kwa mkono wa pili. Mwanasheria wa Wizara aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na saini. Walinzi wakabaki wamesimama, maana kumzuia mama asifagie kungekuwa ni kukiri kwamba anafagia.

"Basi zimeni jenereta."

Fundi wa jenereta alionyesha amri yake. Lisizimwe mpaka Mheshimiwa awe ameshaondoka. Mheshimiwa alikuwa bado yupo, kila mtu alimwona.

"Ondoka, Mheshimiwa, ili tuzime," alishauri mkuu wa itifaki.

"Siondoki huku anafagia nyuma yangu, mpumbavu wewe," alipiga kelele yule mtu wa sayansi, na nchi nzima ikamsikia, kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa bado kimebanwa kwenye tai yake.

Nyamizi alikuwa ameshamfikia. Alifyonza mbele ya viatu vyake, nyuma yake na katikati ya miguu yake. Sifuni alirudi nyuma hatua moja, na hatua hiyo ikafyonzwa. Akarudi nyingine. Hivyo ndivyo alivyotoka uani, kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mgongo wake ulipogusa mlango wa gari.

"Mama, unataka nini?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Sema. Chochote."

"Mihayo Lubango," alisema Nyamizi. "Alipandishwa gari hapa hapa uliposimama. Ulinipa ufagio mwenyewe, ukaniambia pasionekane hata kisigino. Inua mguu, Mheshimiwa, umekanyagia alama."

Aliinua mguu. Alikuwa ameuinua kabla hajajua kwamba ameuinua, akaanguka ndani ya gari, na gari likaondoka. Nyamizi alifyonza unyayo wa mwisho. Waya ulikuwa umenyooka wote, haukubaki hata na kipande cha kufungia nepi.

*

Serikali, kwa kuwa haiamini mambo ya kishirikina, haikumfukuza Waziri. Rais, aliyekuwa akiitazama runinga akiwa amekunja miguu juu ya kochi, aliagiza tu kwamba katika chumba cha Baraza la Mawaziri kuna kiti kimoja cha ziada kitolewe. Sifuni alipofika wizarani, mlinzi alimpigia saluti kamili na kumwomba asiingie. Alipofika bungeni walimsikitikia kupitia dirishani. Kwenye nyumba yake, ambayo ilikuwa ya serikali, alikuta funguo zimeshabadilishwa kwa ajili ya ukarabati. Mara ya mwisho alionekana ndani ya gari lile kwenye barabara ya kaskazini, akielekea mahali ambapo dereva hakuambiwa.

Baada ya miezi minane mkewe alipokea barua yenye mihuri mitatu. Ilisema kwamba Ndugu Sifuni Magao hatarudi, kwa sababu zake binafsi. Habari hizo zilipomfikia Nyamizi, alimsikitikia kidogo yule mke. Kwa mume alitafuta moyoni mwake, akatafuta vizuri, hakuona kitu. Siku hiyo alikuwa amepanga kubadilisha mfuko wa vumbi wa lile dude. Aliutoa, akaupeleka nyuma ya nyumba, akaukung'uta chooni mpaka chembe ya mwisho.

Jioni alikuja Bwana Yoramu. Alikuwa hana tai. Ofisi yake ilikuwa imebakia na kazi moja, kufuatilia kaya pekee iliyopatana na mashine.

"Ulijua tangu siku ya kwanza, mama?"

"Mimi nilikuuliza urefu wa waya tu, mwanangu."

Yoramu alitoa Fomu ya Kuridhika, ukurasa mmoja, yenye maswali mawili. La kwanza: *Je, mashine imekidhi mahitaji ya kaya?* Nyamizi aliandika: *Imekidhi.* La pili lilimtaka atoe maoni ya kuiboresha. Aliitazama barabara, kuelekea upande wa mji mkuu, ambako taa za Ikulu zilikuwa zinaanza kuwaka.

Kisha akaandika kwa herufi kubwa, ili isije ikasomwa vibaya: *WAYA UONGEZWE.*